Mizani Moja Makazini

Kijana mmoja aliyepata kusoma chuoni kwangu hapa Malinyi alinijia mwezi uliopita baada ya sala ya Alasiri, akakaa barazani pamoja na wazee, akasimulia habari zake. Alikuwa amevuka Mto Kilombero kwenda kutafuta kazi. Alifika mahali akaambiwa kuwa nafasi ipo, akatoa cheti chake, nacho kikasifiwa. Kisha akaulizwa kabila lake na kwao ni wapi. Alipokwisha kujibu, akaambiwa arudi wiki ijayo. Akarudi, akaambiwa tena wiki ijayo. Mwisho akapata habari kwamba nafasi ile imepewa kijana wa kwao yule mkubwa wa kazi, asiye na cheti chochote.

"Maalim," akaniuliza, "kama mtu hupewa kazi kwa kabila lake, mimi nilisomea nini?"

Kabla sijapata jibu, mzee mmoja akamtuliza: "Vuta subira, mwanangu. Iko siku mtu wa kwetu atakikalia kiti kile, na siku hiyo tutaingia sisi, wao watasimama mlangoni." Watu wakacheka, wakaitikia kuwa ndivyo.

Wasomaji wapenzi, malalamiko ya kijana yule yalinisikitisha, lakini liwazo la mzee wetu lilinisikitisha zaidi. Kijana alidai haki. Mzee alimwahidi zamu ya kudhulumu. Tangu siku ile nimekuwa nikiwaza kwamba nchi yetu ilipata kuulizwa swali hili hili katika siku za Uhuru, tena kwa uzito mkubwa kuliko wa barazani kwetu, na jibu lililotolewa wakati ule vijana wetu wengi hawalijui. Ni vizuri tuwasimulie.

MSHAHARA WA RANGI

Wazee wetu walioajiriwa na Serikali ya Kiingereza waliishi katika nyumba ya orofa tatu. Juu alikaa Mzungu, katikati Mhindi, chini Mwafrika. Shule zilikuwa namna tatu, hospitali namna tatu, na mishahara vile vile. Jambo hili halikuwa la siri wala la kunong'onezana. Liliandikwa katika vitabu vya Serikali. Tume ya Holmes, iliyochunguza kazi za Serikali katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, ilitoa taarifa yake mwaka 1948, ikashauri kwamba asiye Mzungu, hata akifanya kazi ile ile, apewe sehemu tatu katika tano za mshahara wa Mzungu. Hesabu yake ni nyepesi, mtoto wa chuoni aiweza: Mzungu akipata shilingi 1,000, mwenzake wa meza ya pili apata 600. Zile 400 zilizopungua ndizo bei ya rangi ya ngozi yake.

Tume nyingine, ya Lidbury, ilitoa taarifa mwaka 1954, na baada yake kipimo kile cha tatu katika tano kikaondolewa. Hata hivyo palibaki nyongeza ya mshahara kwa watumishi waliotoka ng'ambo, na vyeo vikubwa vikabaki mikononi mwa wale wale. Sheria iliweza kubadilika kwa siku moja, lakini mtu ambaye hakupewa nafasi katika shule nzuri alipokuwa na umri wa miaka saba hawezi kuwa mhandisi siku ile sheria inapobadilika. Jambo hili tulishike sana, maana ndilo lililoleta taabu baadaye: dhuluma ya zamani hukaa ndani ya vyeti vya leo. Na sisi Waislamu twalijua zaidi ya wengine, kwa kuwa shule nyingi za nyakati zile zilikuwa za misheni, na wazazi wengi waliogopa kupeleka watoto wao huko. Cheti kilipokuwa ndio ufunguo wa afisi, wengi wetu tulijikuta nje.

Wazee hawakukaa kimya. Mwaka 1922 huko Tanga, Martin Kayamba na wenzake waliunda chama cha Waafrika watumishi wa Serikali, Waislamu na Wakristo pamoja. Mwaka 1947 wachukuzi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma kudai malipo bora, na mgomo ule ukaenea bara kwa njia ya reli. Mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na katibu mkuu wake akawa Bwana Rashidi Kawawa. Kwa hiyo madai ya usawa kazini hayakuletwa kwetu na wageni. Yalianza kwa karani na mchukuzi waliochoka kuhesabiwa nusu mtu.

NA SISI TULIKUWEMO

Lakini asemaye habari za dhuluma aanze kwake. Katika siku za Mdachi, bonde letu hili lilitawaliwa kwa kiboko na kazi za lazima, na mwaka 1905 vita vya Maji Maji vikafika mpaka bomani Mahenge. Wadachi walikuwa wachache. Waliwatumia maakida kukusanya kodi na kuwatoa watu mashambani kwa nguvu, na wengi wa maakida hao walitoka pwani, Waarabu na Waswahili, watu wa dini yetu. Kabla ya hapo tena ilikuwapo biashara ya watumwa. Sheria ya kuondoa utumwa Unguja ilitoka mwaka 1897, na hapa Tanganyika mwaka 1922, na hapana haja ya kuficha kwamba baadhi ya waliomiliki watumwa walikuwa watu wa sala tano.

Sisemi haya ili kuwafedhehesha waliotangulia. Hesabu yao iko kwa Mola wao. Nasema ili pasiwe na mtu miongoni mwetu adhaniaye kuwa ubaguzi ni ugonjwa wa Wazungu peke yao. Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Aliyeonja uchungu wake alipaswa kuwa wa kwanza kuutupa mkuki.

SWALI GUMU LA UHURU

Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Siku ile katika vyeo vya kati na vya juu vya Serikali, wananchi walikuwa wamekalia takriban robo moja tu. Watu wakauliza, na walikuwa na haki ya kuuliza: Uhuru huu ni wa bendera peke yake? Vyama vya wafanyakazi vikadai kwamba kazi zipewe Waafrika, na upesi.

Hata kabla ya siku yenyewe ya Uhuru, mwezi wa Oktoba 1961, mjadala mkali ulitokea katika Bunge juu ya sheria ya uraia. Baadhi ya wabunge walitaka uraia ufuate rangi, ili Mhindi, Mwarabu na Mzungu, hata akiwa amezaliwa hapa na hana kwao pengine, asihesabiwe sawa na Mwafrika. Mwalimu Julius Nyerere alilikataa jambo hilo kwa nguvu zake zote. Alisema wazi kwamba Serikali yake itajiuzulu ikiwa msingi wa usawa wa raia utakataliwa. Sheria ikapita kama alivyotaka. Hebu fikirini: nchi haijapata hata bendera yake, na kiongozi yu tayari kuacha kiti ili mtu asipimwe kwa rangi, naye mwenyewe ni wa rangi iliyodhulumiwa.

Hata hivyo Serikali haikuyapuuza madai ya watu. Januari 1962 Mwalimu aliacha uwaziri mkuu, Bwana Kawawa akashika, na kazi ya kuwapandisha Waafrika vyeo ikafanywa kwa haraka, kwa kuwapendelea kuliko raia wengine. Je, hiyo ilikuwa dhuluma? Mimi naona ilikuwa kama dawa. Mtu aliyefungwa mguu miaka arobaini, siku afunguliwapo huwezi kumwambia ashindane mbio na aliyekuwa akikimbia kila siku, kisha ukasema mmeanza sawa. Lazima kwanza apate msaada wa kusimama. Lakini dawa ina kipimo chake na siku zake. Mgonjwa akipona akaendelea kuinywa, humgeukia sumu.

Mwalimu, aliyekuwa sasa Rais, aliona siku hizo zimefika. Tarehe 7 Januari 1964 alitoa waraka kwamba tangu hapo raia wote wa Tanganyika wahesabiwe sawa katika kuajiriwa na kupandishwa vyeo, awe mweusi, mweupe au wa maji ya kunde. Siku kumi na tatu baadaye, tarehe 20 Januari, askari wa jeshi waliasi kule kambi ya Colito, Dar es Salaam. Walidai mishahara zaidi na maofisa Waafrika mahali pa Waingereza. Serikali ilitikisika kwa siku kadhaa, na maasi yakazimwa tarehe 25 kwa msaada wa majeshi ya Uingereza yale yale tuliyoyaaga miaka miwili nyuma. Lilikuwa jambo chungu.

Katika habari hii mna mafundisho mawili, na kila moja lina watu wake wanaolisahau. La kwanza lawahusu wenye madaraka: usimwambie mtu aliyedhulumiwa asubiri bila kumwonyesha kitu kinachoendelea kwa ajili yake. Askari wale walikosa kwa kushika bunduki, lakini malalamiko yao kwamba walikuwa wakiongozwa na maofisa wa kigeni miaka miwili baada ya Uhuru hayakuwa ya kubuni. La pili latuhusu sisi sote: kuondoa dhuluma ya rangi kwa kuweka rangi nyingine juu ni kubadili mpanda punda tu, punda ni yule yule.

Na faida ya jibu lile la usawa tuliiona hapa hapa mkoani kwetu. Marehemu Amir Jamal, mtoto wa Kihindi aliyezaliwa Mwanza, alichaguliwa na watu wa Morogoro kuwa mbunge wao, akawa Waziri wa Fedha kwa miaka mingi. Wapiga kura walitazama kazi yake, wakaacha rangi yake.

RELI ILIYOPITA BONDENI KWETU

Wazee wa bonde la Kilombero waliona kwa macho yao namna mbili za mtaalamu mgeni. Ya kwanza ni ile ya nyumba ya orofa tatu. Ya pili ilikuja mwaka 1970, ulipoanza ujenzi wa reli ya TAZARA kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, Zambia, kilomita 1,860, ikipita Mang'ula, Ifakara na Mlimba. Serikali ya Uchina ilikuwa imetangaza mwaka 1964 kanuni nane za misaada yake, na mojawapo ilikuwa kwamba wataalamu wake watakaopelekwa nchi nyingine waishi kwa hali sawa na wataalamu wa nchi ile, wala wasidai anasa za peke yao. Ilani hii ilikuwa kinyume kabisa cha ile nyongeza ya watu wa ng'ambo.

Sisemi kwamba kambi zile zilikuwa pepo. Kazi ilikuwa nzito, mvua za masika nyingi, na milima baina ya Mlimba na Makambako ilitobolewa kwa jasho na kwa roho za watu. Lakini wazee waliokuwako husimulia jambo moja bila kuchoka: kwamba fundi Mchina alishika sururu mwenyewe, akamfundisha kijana wa Kindamba au wa Kihehe kwa mikono yake, kwa Kiswahili cha maneno machache. Vijana wengine walipelekwa Uchina kusomea mambo ya reli. Reli ikakabidhiwa mwaka 1976, na wenyeji wakaendesha magari ya moshi.

Mfano mwingine uko Ifakara mjini. Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Uswisi alianzisha pale maabara ya kuchunguza magonjwa ya nchi za joto. Wakubwa wake walikuwa Waswisi. Leo maabara ile imekuwa Taasisi ya Afya Ifakara, yajulikana duniani kwa uchunguzi wa malaria, na kwa miaka mingi sasa imeongozwa na Watanzania. Hawakuingia pale kwa kumfukuza mtu. Waliingia kwa kusoma, na kwa kuwa waliotangulia walikubali kufundisha. Hiyo ndiyo njia iliyo ndefu, nayo ndiyo ifikayo.

WENZETU WA NG'AMBO

Jambo hili limewasumbua na wengine. Afrika Kusini, sheria ya mwaka 1926 iliwafungia Waafrika kazi za ufundi migodini, na baada ya ubaguzi kuanguka ikatungwa sheria ya mwaka 1998 ya kusawazisha ajira. Marekani, Bwana A. Philip Randolph, kiongozi wa chama cha Weusi waliotumikia abiria katika mabehewa ya kulala, alitisha mwaka 1941 kuleta maandamano makubwa mjini Washington. Rais Roosevelt akatoa amri ya kukataza ubaguzi katika viwanda vya silaha. Sheria kubwa ya haki za raia ikafuata mwaka 1964, mwaka ule ule wa waraka wa Mwalimu. Baada ya George Floyd kuuawa chini ya goti la polisi Mei 2020, makampuni mengi yaliahidi kufungua milango kwa watu wa kila rangi. Januari 2025 Rais Trump akafuta mipango ya namna hiyo katika Serikali kuu, akisema yenyewe imekuwa ubaguzi.

Wamarekani wana yao ya kuamua. Sisi tujifunze hili: mpango wa haki usiokuwa na mizizi mioyoni mwa watu huja na msiba na huondoka na mtawala.

SHERIA YETU YASEMAJE

Kijana wangu hakujua, na wazee hawakujua, kwamba nchi yetu inayo sheria juu ya jambo lile lile lililompata. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, yamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa rangi, kabila, mahali alikotoka, dini, jinsia, ulemavu na mengineyo. Yamwagiza aweke mpango wa kukuza usawa na kuuandikisha kwa Kamishna wa Kazi. Wala haimlindi aliyekwisha ajiriwa peke yake: hata anayeomba kazi yumo. Mwenye malalamiko huyapeleka katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wala asichelewe, maana muda wa kulalamika una mpaka wake. Tena iko sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2010, imtakayo mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kuwa watatu katika kila mia ni watu wenye ulemavu wanaoiweza kazi. Hii nayo ni ile dawa ya kumsaidia aliyefungwa mguu.

NGUO MBILI ZA ABU DHARR

Lakini sheria hukaa mlangoni mwa afisi. Ndani ya moyo hapaingii hakimu. Kwa hiyo na tumalizie na kisa kimoja ambacho kila mtoto wa chuoni yafaa akijue, nacho kimo katika Sahihi ya Bukhari.

Msafiri mmoja alipita Rabadha, akamwona Sahaba Abu Dharr (r.a.) amevaa vazi, na mtumishi wake amevaa vazi kama lile lile. Akastaajabu, akamwuliza sababu. Abu Dharr akaeleza kwamba zamani alipata kugombana na mtu, akamtukana kwa mama yake. Wanazuoni wengi wasema mtu yule alikuwa Bilal, na tusi lilikuwa juu ya weusi wa mama yake. Habari ikamfikia Mtume (s.a.w.), naye akamwambia Abu Dharr kwamba ndani yake bado umo ujahilia. Kisha akamfunza kwamba wanaotutumikia ni ndugu zetu, tuwalishe tulacho, tuwavishe tuvaacho, tusiwatwike kazi wasiyoiweza, na tukiwatwika tuwasaidie.

Tazameni, ndugu zangu. Kosa lilikuwa tusi la rangi, na mafundisho yaliyofuata yakawa juu ya mfanyakazi. Kwani pale tunapomlipa mtu na kumwamuru ndipo dharau ya rangi na kabila hupata meno. Na Abu Dharr hakujibu kwa hotuba. Alijibu kwa nguo mbili zilizofanana, akazivaa yeye na mtumishi wake mpaka uzeeni.

Basi kila mmoja wetu ajitazame nyumbani kwake. Yule binti wa kazi anayetuteleki chakula, hula pamoja nasi au hula makoko jikoni? Kibarua wa kupalilia mpunga, akiwa Msukuma aliyekuja juzi au Mndamba mwenyeji, hupata ujira mmoja kwa kazi moja? Mwenye duka anapotafuta msaidizi, humwuliza kijana ajua nini, au humwuliza ni mtoto wa nani? Haya ndiyo makazi yetu ya kazi hapa Malinyi, na tatu katika tano yetu imo humo humo.

Kijana yule nilimjibu siku ya pili. Nilimwambia kwamba alisomea ili aijue haki yake na asije akamnyima mwingine ya kwake. Nikamweleza habari za Tume na sheria, naye akaahidi kwenda. Na mzee wetu nilimsimulia habari za Abu Dharr tulipotoka msikitini. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Maalim, basi hata siku mtu wetu akipata kile kiti, tumwombee asitukumbuke sisi peke yetu."

Nami naitikia dua hiyo. Mwenyezi Mungu atupe macho ya kumwona mtu kabla ya rangi na kabila lake, na mikono isiyopunja ujira wa yeyote. Amin.